Mnaosema Kasuku wa Memori Amekufa

Wajukuu zangu wa kuzaa na wa kuokota mitaani, hamjambo. Na wewe mwenye simu mkononi endelea nayo tu, nimeshawazoea. Najua mnaweza kusikiliza wimbo, kuchati na mchumba, kufuatilia mpira na kumdanganya mama kwamba mko njiani, vyote kwa kidole gumba kimoja. Mimi kidole gumba changu kinauma, ndiyo maana leo naandika taratibu.

Juzi kijana mmoja wa hapa mtaani Kalangalala alipita barazani kwangu akanikuta nafuta vumbi kidude kidogo cha ukubwa wa kiberiti. Akanisalimu vizuri, hilo nampa, kisha akauliza, "Bibi, hiyo ni rimoti ya nini?"

"Huyu ni kasuku," nikamwambia.

Akamgeuza geuza. Akaona tundu la memori kadi, vitufe vyenye alama zilizofutika, na kispika chenye matundu upande wa chini. Akacheka. "Aah, kicheza nyimbo! Hivi vitu si vilishakufa, bibi? Siku hizi kila kitu kiko kwenye simu."

Kasuku amekufa! Mimi fundi wake wa miaka yote sijaletewa hata taarifa ya msiba. Nilikasirika mpaka chai ikanipoa mkononi. Ndiyo sababu ya maandishi haya, na mkiona ninagomba humu ndani mjue chanzo ni yule kijana.

Jina la kasuku walilitoa wachimbaji wa dhahabu wa Rwamgasa. Walisema kidude hiki kinarudia kile ulichokifundisha, hakiongezi neno wala hakipunguzi, na kikishiba chaji hakinyamazi. Hakipigi simu. Hakipigi picha. Hakijui jirani kavaa nini harusini. Kinaimba, basi.

Rwamgasa sikwenda kwa ajili ya kasuku. Nilitoka kwetu Shinyanga vijijini nikiwa mama kijana, na nilichokuwa nacho ni ndoo ya vitumbua kichwani. Niliona watu wengi wamejipanga mbele ya kibanda kimoja karibu na karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, nikajua pale kuna njaa. Kumbe walikuwa wanasubiri kujaziwa nyimbo kwenye kadi. Kibanda kilikuwa cha Fundi Athumani, mtu wa Kigoma, mrefu, mwenye kanzu safi kila Ijumaa katikati ya vumbi lile, na mwenye hasira ya karibu sana ukimjia bila salamu. Hata ungekuja na gunia la dhahabu mgongoni, bila salamu alikuwa anakutazama kama ukuta.

Nikawa nauza vitumbua mlangoni kwake. Siku moja akakaa ananiangalia ninavyovigeuza kwenye chuma, kimoja kimoja, kwa njiti. Akasema, "Mama Sayi, mkono huo unapoteza muda na unga. Njoo ushike waya."

Nikashika waya. Watu wakasema huyu mama amerogwa, mwanamke gani anafungua redio. Miezi michache baadaye ni wao hao walionipangia foleni, na baadhi yao bado walitaka na kitumbua.

Athumani alikuwa na swali lake moja ambalo nami nimewauliza wateja mpaka nimestaafu. Ukimletea kasuku mgonjwa, hagusi bisibisi. Anakuuliza, "Amelala wapi?" Ukisema mfukoni, anajua ni jasho. Ukisema jikoni, ni moshi na mafuta. Ukisema ndani ya duara, yaani shimo la kuchimbia, anajua ni tope, na anakwenda kutafuta mswaki. Vijana wa chuo cha ufundi mnaonisoma, nawaomba muulize hivyo. Mashine nyingi zimefunguliwa matumbo bure wakati ugonjwa ulikuwa ni makombo ya muhogo kwenye tundu la chaji. Na kadi isiposomeka, msikimbilie kuitupa. Chukua kifutio cha penseli, sugua taratibu yale meno yake ya shaba, puliza, rudisha. Nimefufua kadi nyingi kwa kifutio, watu wakadhani nina dawa ya kwetu Usukumani.

Sasa kazi yenyewe ya kujaza nyimbo ilikuwa na vituko. Mnajua lumbesa? Lile gunia la viazi au mpunga linalojazwa mpaka mdomo haufungi, halafu juu linashonewa nundu? Wateja wetu walikuwa wakulima kabla ya kuwa wachimbaji, kwa hiyo walitaka na nyimbo ziwe lumbesa. Mtu anakuja na kadi ndogo kama ukucha, anakwambia, "Mama Sayi, nijazie mpaka nundu."

"Kadi haina nundu, baba. Ikijaa imejaa."

"Wewe shindilia."

Maganga, fundi wa kusimika magogo ya kuzuia duara lisibomoke, alikuwa kinara wa ugomvi huu. Alipokabidhiwa kadi yake iliyojaa alikuwa anaipima kiganjani, anafumba macho, anasema, "Mbona uzito ni uleule?" Nikamweleza kwamba wimbo hauna uzito. Hakuniamini. Alisema nyimbo za dini labda hazina, lakini zile za ngoma alizotaka yeye lazima ziwe na uzito. Athumani ndiye aliyetuokoa. Akachukua wimbo aupendao Maganga, akauweka mwanzo, kisha akaurudia mwisho kabisa kwa jina la "Nundu". Maganga akasikiliza mpaka mwisho, akausikia umerudi, akaondoka kifua mbele. Tangu siku hiyo kadi zetu zote zikawa na nundu, na kibanda cha jirani kikakosa wateja kwa kutojua siri hiyo.

Hedifoni nazo tulikuwa na sheria yake. Kabla ya kumpa mchimbaji waya wa masikioni, tulikata upande mmoja. Anayeteremka kwenye duara anahitaji sikio moja liwe wazi, maana mwenye winchi yuko juu na akipiga kelele kwamba kamba inashuka au udongo unamwagika, wewe uliye chini usikie. Mgeni mmoja kutoka pwani aligoma. Akasema amenunua masikio mawili na anayataka mawili.

Athumani akamjibu, "Nimekupa mawili. Moja la nyimbo, la pili la winchi. Hilo la winchi umekuja nalo toka kwenu."

Mgeni akanuna wiki nzima. Halafu akamleta na mdogo wake ili naye akatiwe waya upande mmoja.

Lakini msidhani Athumani hakukosea. Kadi zilifanana zote, nyeusi, ndogo, na watu wakawa wanagombania. Basi mama lishe mmoja aliyeitwa Mama Pili akaja na akili: kila mtu apake kadi yake alama kwa rangi ya kucha. Wazo zuri sana. Tatizo ni kwamba kambi nzima ilikuwa na kichupa kimoja tu cha rangi ya kucha, chekundu, na kilikuwa cha Mama Pili huyo huyo. Watu wazima wenye ndevu wakajipanga kwake kupakwa. Jioni kadi zote zilizokuwa mezani kwetu zilikuwa na nukta nyekundu, na kila mwenye nayo alikuwa na uhakika kwamba yake ndiyo yenye nukta.

Jumapili iliyofuata mwalimu wa kwaya akachomeka kadi yake kwenye kasuku ili wanakwaya wajifunze wimbo mpya. Ikatoka sauti ya mlevi anawaita wenzake waje wamalizie mtungi. Wakati huo huo, kwenye klabu ya pombe ya kienyeji, wanywaji walikaa na vikombe mikononi wakisikiliza kwaya ya toba tangu ubeti wa kwanza. Wawili wakaenda nyumbani mapema. Mmoja akalia, akawa anaomba msamaha kwa mtu aliyeketi naye, na mtu mwenyewe hamjui.

Mwalimu wa kwaya alipokuja kibandani na macho makali, Athumani alisimama na kanzu yake, akasema kwa upole, "Mwalimu, nisamehe. Lakini na wewe kubali kwamba nimehubiri mahali ambapo hujawahi kufika." Mwalimu akacheka ingawa hakutaka. Kuanzia hapo kila mwenye kadi aliifunga kwenye kipande cha nguo yake, kanga au kitenge au shati kuukuu, na hatukukosea tena. Nikiona ua la kanga tu najua hii ni ya nani na anapenda nini.

Basi zikaja simu kubwa. Kwanza alizinunua tajiri wa karasha, halafu wanunuzi wa dhahabu, halafu wauza vitenge, mwisho hata Maganga. Mimi nilikuwa nimeshahamia hapa Kalangalala, kwenye umeme wa uhakika. Nikaona wateja wanapungua, wanaokuja wanataka kuwekewa kioo cha simu au kupachikiwa sabufa ya kutikisa madirisha ya jirani. Athumani alirudi kwao Kigoma akalime michikichi. Nami nikajistaafisha mwenyewe. Nilijifanyia sherehe ya soda moja baridi, nikajipongeza kwa hotuba fupi, nikafunga kibanda. Lakini sanduku langu la bati lenye vyuma vya kazi sikumpa mtu.

Mkiniuliza kasuku wa kesho awe vipi, nawaambia bila kuzunguka, hasa nyinyi mnaosomea kutengeneza. Mtoeni kioo, hana haja nacho. Mpeni vitufe vikubwa ambavyo kidole chenye sugu kinavipata gizani. Mpeni tundu la kamba lisilokatika, betri inayobadilishika, na kitufe cha kurekodia ambacho watengenezaji wengi walikiweka kidogo kama chawa. Wala msimwekee mtandao. Mtandao una wenyewe, nao ni wengi, na wote wanataka kuongea na wewe wakati unasikiliza wimbo.

Hili la mtandao halikutoka kichwani kwangu. Nililithibitisha msimu huu huu wa mvua, na nawaeleza ilivyokuwa.

Asubuhi moja bajaji ilisimama mbele ya baraza. Akashuka mzee mwembamba mwenye matope mpaka magotini, akamshusha mkewe kwa kumshika mkono, na nyuma yao binti yao mkubwa. Mzee alikuwa Luhende, mkulima wa mpunga kutoka vijiji vya njia ya Rwamgasa. Mkewe ni Mama Nyanzala. Binti ndiye Nyanzala mwenyewe, anauza vitenge mjini.

"Mwangaluka, mayu," mzee akaniamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba. Karibuni."

"Shikamoo, mama," akasema Nyanzala.

"Marahaba, mwanangu."

Mama Nyanzala hakutoa sauti. Alinipa mkono, akatabasamu, na nikaona kovu refu shingoni mwake limepita kama mkufu. Mzee Luhende akafungua kipande cha kitenge, ndani yake kasuku, mfu kabisa.

"Tumeambiwa wewe ndiye umebaki," akasema. "Mtengeneze huyu, la sivyo mwaka huu hatuli."

Nikadhani anatania. Hakuwa anatania. Mama Nyanzala alikuwa mwimbaji wa kulimia, wale wanaoimba mbele watu wakashusha majembe kwa pamoja, na ndiye aliyefunza ng'ombe wao wa plau, Polisi na Karani. Ng'ombe hao walilima kwa sauti yake toka wakiwa wadogo. Kisha akapata uvimbe wa shingo, akapasuliwa, akapona, lakini sauti ikabaki mnong'ono. Nyanzala kwa bahati alikuwa amemrekodi kwenye kasuku kabla ya kwenda hospitali, nyimbo zake zote za kuwaongoza ng'ombe.

"Mwaka jana kasuku aliimba, ng'ombe wakalima vizuri tu," mzee akasema. "Mwaka huu tumefika shambani, kasuku kazima."

"Nikahamishia nyimbo kwenye simu yangu," Nyanzala akadakia. "Nikaifunga kwenye plau. Mama, hawajapiga hata hatua ya kwanza, akanipigia mteja wa vitenge."

"Simu ililia hivi," mzee akasema, akaiga mlio mpaka kuku wangu wakaruka. "Polisi akakimbia huku, Karani akakimbia huku, na nira ni moja! Wamepita na plau kwenye karanga za jirani."

Najua mnachotaka kusema. Si angezima mtandao? Alizima. Lakini ng'ombe walikuwa wameshaisusa ile simu. Ukiileta tu karibu na plau wanarudi nyuma, hata ikiwa imezimwa kabisa. Na trekta la kukodi lilikuwa limezama kwenye shamba la mtu mwingine mpaka ekseli. Udongo wa mbuga, ule mweusi unaonata, haungoji mtu. Ukichelewa, maji yanajaa, plau haipiti tena, na mpunga utaula kwa jirani.

Mama Nyanzala aliinua mkono anataka kusema kitu. Binti akaushika ule mkono kwa upole. "Mama, usijichoshe. Daktari amekataza." Kisha akaniambia mimi, "Mwaka huu tumemwambia apumzike nyumbani kabisa. Kasuku ataimba badala yake. Amefanya kazi vya kutosha."

Mama Nyanzala akashusha macho. Mimi niliona, nikajua hajapenda, lakini nilikuwa na haraka ya bisibisi.

Nikauliza swali letu. "Amelala wapi huyu?"

Mama Nyanzala akagusa kifua chake.

Jasho, nikasema moyoni. Na kweli ndani nilikuta kutu ya jasho la chumvi, na betri imevimba kama andazi. Nikaitoa kwa tahadhari, maana betri iliyovimba ukiitoboa inaweza kukuunguza uso. Mahali pake nikatia betri ya ile tochi ya kichwani wanayovaa wachimbaji, iliyokuwa kwenye sanduku langu. Haikuenea, nikaifungia nje kwa gundi na kipande cha mpira, kasuku akawa na nundu mgongoni. Maganga angefurahi.

Nikabonyeza. Sauti ikatoka.

Nimesikia nyimbo nyingi maishani, nyingine nimezisikia mpaka nikazichukia. Ile sikuwa tayari nayo. Ilikuwa sauti pana, ya mwanamke aliyesimama katikati ya mbuga na anajua ng'ombe na watu wote wanamsikia. Dereva wa bajaji aliacha kutafuna muwa. Na mwenye sauti alikuwa ameketi kwenye kigoda changu, ameinamisha kichwa, anajisikiliza. Nilimwonea uchungu sana, nikajifanya nafunga kifuniko.

"Wabeja, mayu, wabeja sana!" mzee akashukuru.

Nikamkatalia. Athumani alinizoesha kutopokea ahsante mpaka chombo kijaribiwe mahali kinapofanyia kazi. Nikabeba sanduku langu la bati, nikajibana kwenye bajaji pamoja nao, tukaenda shambani.

Polisi na Karani walikuwa wamefungwa nira tayari, wakubwa, wenye dharau. Mama Nyanzala aliketishwa pembeni juu ya ndoo iliyofunikwa, akaambiwa asiingie kwenye tope. Mzee akamfunga kasuku kwenye mpini wa plau, nikabonyeza, wimbo ukajaa shamba zima.

Ng'ombe wakasimamisha masikio. Polisi akatazama nyuma. Karani akatazama kushoto. Wakatazamana. Halafu Karani akakojoa, mkojo mrefu usio na haraka, na hawakuinua hata kwato.

"Hoo! Polisi! Twende!" mzee akaita.

Hakuna.

Nikaongeza sauti. Hakuna. Nikadhani labda kispika kimebadilisha sauti yake, nikakipangusa, nikamhamishia kasuku kwenye nira katikati ya vichwa vyao. Polisi akatikisa kichwa kama anayefukuza nzi. Nyanzala akajaribu kuwasukuma makalioni kwa mikono miwili, akateleza, akakaa kwenye tope na gauni lake la mjini. Mzee Luhende akainua fimbo, akaishusha tena bila kupiga. Wingu lilikuwa linakuja kutoka upande wa ziwa, jeusi, na sote tuliliona.

Hapo Mama Nyanzala akainuka kwenye ndoo. Akavua kandambili, akaziweka pamoja vizuri, akaingia kwenye tope.

"Mama!" Nyanzala akaita. "Mama, daktari!"

Hakugeuka. Akamfungua kasuku kutoka kwenye nira, akaning'iniza kamba yake shingoni, juu ya lile kovu, kasuku akakaa kifuani. Akapita mbele ya ng'ombe, akawapa mgongo, akaanza kutembea.

Wakamfuata. Plau ikazama, udongo mweusi ukapinduka, na mzee akabaki anakimbia nyuma kushika mpini aliokuwa ameuachia. Walifika mwisho wa mstari, Mama Nyanzala akawasogelea, akawanong'oneza kitu masikioni mmoja mmoja, wakageuka kama askari.

Walipotufikia nikamzuia mzee. "Baba, mwaka jana kasuku alikuwa amefungwa wapi?"

"Si shingoni kwake? Alikuwa anatembea naye mbele."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unajua!" akanishangaa. "Kwani ng'ombe wanaongozwa na nani?"

Nilitaka kumpiga na sanduku la bati. Nyanzala alikuwa bado ameketi kwenye tope, analia na kucheka kwa pamoja. "Daktari alisema asitumie sauti," akaniambia.

"Sauti anaitumia kasuku, mwanangu. Yeye anatumia miguu. Daktari amekataza miguu?"

Akatikisa kichwa. Akajifuta, akaenda kumshikia mama yake kanga isiburuzike, na hawakuacha mpaka kipande kile cha shamba kikaisha na matone ya kwanza yakaanza kutugonga vichwani.

Tukakimbilia kwenye kibanda cha kulindia ndege, tukabanana humo. Mzee akanishukuru mara ya pili, nami safari hii nikapokea. Nikamwambia Mama Nyanzala anipe kadi nimjazie nyimbo nyingine za kumstarehesha, lumbesa kabisa, bure. Akakataa kwa mkono. Akanivuta karibu mpaka sikio langu likagusa mdomo wake.

"Huyu anarekodi bado?" akanong'ona. Ilikuwa sauti ya kukwaruza, kavu, ya kutafuta njia.

"Anarekodi. Unataka nini?"

Akaonyesha nje. Madume wawili wachanga wa ng'ombe walikuwa wamefungwa kwenye kigingi, wananyeshewa, walioletwa kuzoea kuona wenzao wakifanya kazi. "Wale wanaanza kufunzwa mwakani. Nataka wajue hii."

"Hii ipi?" mzee akauliza. "Nyimbo si zipo? Na ile sauti ndiyo nzuri, Mama Nyanzala."

"Ile nzuri," akasema. "Hii ndiyo yangu."

Mzee akasogea kumpisha. Nyanzala akamvua mama yake kasuku, akamfuta maji kwa upindo wa gauni, akanipa. Nikatafuta kile kitufe kidogo kama chawa, kilikuwa kimeganda, nikakikwangua kwa ukucha mpaka kikabofyeka. Taa nyekundu ikawaka. Nikamrudishia.

Mama Nyanzala akatoka nje kwenye mvua, akimkinga kasuku kwa kiganja, akasimama mbele ya wale madume wachanga. Walikuwa hawajapewa majina. Akawapa hapo hapo, kwa ule mnong'ono wake, mmoja Fundi, mwingine Mwalimu, akarudia, akarudia tena, kisha akaanza kuimba kadiri koo lilivyomruhusu. Sisi kibandani hatukusikia karibu kitu kwa kelele za mvua. Lakini mmoja wao, mwenye baka jeupe, aliacha kutafuna, akainua kichwa, akasogea kumfuata mpaka kamba ikamzuia.